Picha ya ubongo haitakwambia kama kaka yako atatembea

Dada, kwanza pole sana na mitihani hii. Umeuliza kama mkope hela mumpeleke kaka yako, aliyeumia uti wa mgongo kwenye ajali, nje akapigwe ile MRI (picha ya mashine ya sumaku) inayoonyesha ubongo ukiwa kazini, ili mjue kama atatembea tena. Kwa maoni yangu msikope. Mimi niliumia shingo kwa ajali ya gari nikiwa masomoni Uswisi, watafiti wakaniomba nijitolee, kwa hiyo hiyo mashine naijua kwa ndani.

Sehemu ya ubongo inayofanya kazi huletewa damu zaidi yenye oksijeni, na mashine inasoma mabadiliko ya hiyo oksijeni. Basi. Kama amri imefika mguuni au imeishia njiani, haijui. Unalazwa chali, kichwa kinabanwa kwa sponji, masikio yanazibwa kwa sababu ya kelele, na juu ya macho kuna kioo kidogo unachosomea maagizo: kunja kifundo cha mguu, pumzika, kunja, pumzika. Kile kipira cha kuminya ukitaka kutolewa walikiweka mkono wangu wa kushoto, maana wa kulia haukuwa na nguvu ya kuminya chochote. Mguu haukutikisika hata kidogo. Nikakaza hadi fundi akaniambia kwenye spika nisibane meno, kwa kuwa taya likicheza na kichwa kinacheza, na picha inaharibika. Pia wanasisitiza ujaribu kweli kuukunja mguu, usiishie kuwaza tu kwamba unaukunja. Kwenye ubongo hayo ni mambo mawili tofauti.

Baadaye wakanionyesha picha: eneo la miguu, pale katikati ya utosi, limewaka. Mama nilipomwambia kwenye simu alipiga vigelegele. Daktari alikuwa mtulivu zaidi. Alisema hata mtu ambaye mawasiliano ya ubongo na miguu yake yamekatika kabisa, ubongo wake mara nyingi huendelea kutoa amri za mguu kwa miaka. Tatizo halipo kwa mtoa amri, lipo njiani.

Mfano unaojulikana ni wa Christopher Reeve, mwigizaji wa Marekani aliyeanguka kutoka kwenye farasi mwaka 1995 akapooza kuanzia mabegani. Baada ya miaka mitano ya karibu hakuna kitu, na mazoezi mazito, akaanza kurudisha hisia na vimiondoko vidogo. Ubongo wake ulipopigwa picha, matokeo yakatolewa 2002, na yalichanganya kweli. Mkono ulipotetemeshwa, eneo la hisia za mkono halikujibu. Lakini alipochezesha ulimi, eneo hilohilo likawaka, yaani jirani yake, eneo la ulimi, alikuwa ameshahamia. Mguu ulipotetemeshwa, eneo lake likajibu pale pale panapotakiwa. Na upande wa kutoa amri, ramani ilikuwa karibu kama ya mtu mzima wa afya. Hata hivyo hakutembea hadi alipofariki 2004. Sasa picha ya namna hiyo ungempa daktari wa kaka yako, angeifanyia nini?

Kinachonivutia mimi zaidi ni picha za umbo, si hizi za kuwaka. Mwaka 2013 watafiti wa Zurich walichapisha kazi waliyowafuatilia watu 13 walioumia uti wa mgongo karibuni, pamoja na 18 wasioumia, kwa mwaka mzima. Njia za fahamu zinazoshuka kutoka ubongoni zilikuwa zinasinyaa mapema, na wale ambao njia zao zilisinyaa polepole walielekea kupona vizuri zaidi. Inatia moyo, hasa kwa majaribio ya dawa. Lakini hayo yanaonekana ukilinganisha kundi na kundi. Kwa mgonjwa mmoja aliyelala kitandani, hakuna anayeweza kuisoma picha hiyo na kumwahidi miguu.

Kinachotabiri vizuri zaidi ni cha bei nafuu mno: pini, pamba na mikono ya daktari anayejua. Kipimo cha ASIA (cha chama cha Marekani cha majeraha ya uti wa mgongo) kinapima misuli kumi kila upande, kila mmoja kwa alama 0 hadi 5, na hisia kuanzia shingoni hadi njia ya haja kubwa. Hapo mwisho watu huona aibu, na ndipo penye siri: mtu akihisi kidole pale, au akiweza kubana, jeraha lake halijakamilika, yaani mawasiliano hayajakatika yote, na matumaini yake ni makubwa zaidi. Daraja linakwenda A (mawasiliano yamekatika kabisa) hadi E (kila kitu kawaida). Pia MRI ya uti wa mgongo wenyewe, kuona damu na uvimbe ndani yake, ina maana kubwa.

Kitu kimoja tu: kama daktari ameagiza picha ya ubongo kwa sababu kaka alipigwa kichwa au alizimia siku ya ajali, hiyo ni habari nyingine kabisa. Msiikatae.

Hizo hela wekeni kwenye godoro la kuzuia vidonda, mipira ya mkojo na mtu wa mazoezi. Na omba karatasi ya ASIA, uandike hapa daraja lake na tarehe aliyopimwa, maana la siku ya kwanza na la baada ya mwezi hayasomwi sawa.