Kidzongkha na Kibhojpuri: mzungumzaji wa Kiswahili aanzie wapi?

Vijana wetu wanaokwenda kusoma kaskazini mwa India hujikuta wakikaa hosteli moja na wanafunzi kutoka Bhutan, au wakipanga chumba kwa familia ya jimbo la Bihar, linakozungumzwa Kibhojpuri, na hapo huanza kuuliza ni ipi iliyo nyepesi kati ya Kidzongkha na Kibhojpuri. Nilijifunza lugha zote mbili nikiwa Varanasi, Kibhojpuri kwa majirani wa mtaani na Kidzongkha kwa Wabhutani niliosoma nao, na ushauri wangu ni kuliweka swali hilo kando. Chunguza kwanza kila lugha inakulazimisha kusema nini kabla sentensi haijakamilika. Kidzongkha kinataka ionekane umelijuaje jambo unalolieleza, ilhali Kibhojpuri kinataka ionekane unayesema naye ni nani kwako. Anayeanza na mambo hayo mawili hufika haraka kuliko anayeanza na orodha ya majina ya mboga na rangi.

Lugha hizi hazina undugu. Kidzongkha ni jamaa wa Kitibeti, na Kibhojpuri kimo katika kundi moja na Kimaithili na Kibengali. Zote mbili huweka kitenzi mwishoni mwa sentensi, jambo ambalo masikio yetu hulizoea baada ya wiki chache, kwa hiyo sitalirefusha.

Penye kazi hasa ni kitenzi cha kuwa. Sisi tuna "ni", tena tuna "yupo", "yuko" na "yumo", na Kibhojpuri kina mgawanyo unaokaribiana na huo: hawe kwa kusema mtu fulani ni mwalimu, na ba kwa kusema yuko nyumbani. Kidzongkha kinaugawa mgawanyo huo mara nyingine tena. Kwa "ni" kina ing na imme, na kwa "ipo" kina yö na dû. Nikisema mchele upo jikoni mwangu, mchele nilioununua na kuuweka kwa mkono wangu, nitatumia yö. Nikifunua debe nisilojua lina nini nikakuta mchele, nitatumia dû, kwa sababu habari hiyo nimeipata sasa hivi. Sentensi zote mbili ni za kweli, lakini anayezichanganya humfanya msikilizaji ashangae kwa nini mtu anaigundua nyumba yake mwenyewe kana kwamba ni mgeni. Jizoeze kwa vitu vilivyo mbele yako: taja ulichokuwa unakijua, kisha taja ulichokiona punde, na umwombe Mbhutani akusikilize kitenzi tu, mengine ayaache.

Katika Kibhojpuri kitenzi hubeba nafsi, na hilo linatufaa sana sisi tuliozoea ni-, u- na a-, ingawa wao hukiweka kiambishi hicho mwishoni. Ugumu uko katika "wewe". Kuna te kwa mtoto au mtu wa karibu mno, "tu" kwa rika na watu wa kawaida, na rauwa kwa anayestahili heshima, na kila moja huja na umbo lake la kitenzi. Kwa kuulizana hali, rafiki huulizwa "tu kaisan bara", baba mwenye nyumba huulizwa "rauwa kaisan bani". Angalia pia kwamba jibu lako mwenyewe, "ham thik bani" (mimi sijambo), lina kitenzi kile kile ulichomheshimia mzee. Aliyelelewa kwa shikamoo hahitaji kuelezwa kwa nini jambo hili ni zito. Nawashauri wote waanze na rauwa na wasubiri mwenyeji awaruhusu kushuka.

Kidzongkha nacho kina heshima, ila hubadilisha maneno yenyewe. Jina la mtu wa kawaida ni ming, na la mheshimiwa ni tshen. Kwa mgeni, njia ya salama ni kumalizia sentensi na neno dogo "la", kama katika salamu "kuzuzangpo la".

Kuhusu matamshi, wenzetu wa Mombasa wana bahati yao. Anayetofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa mpumuo wa herufi p tayari anayo tofauti ambayo lugha zote mbili zinaidai, na sisi wa bara tunalazimika kuijenga upya kwa kuweka kiganja mbele ya mdomo. Kidzongkha kina toni pia, ya juu na ya chini, na hapo Mhaya au Mkikuyu atakayetegemea sikio la lugha ya nyumbani kwao atatangulia.

Tofauti kubwa zaidi ni hali za lugha hizi duniani, na ndiyo inayoamua utajifunzaje. Bhutan nzima haina watu milioni moja, na wengi wao nyumbani huzungumza Kitshangla, Kinepali au lugha nyingine. Hata hivyo katiba ya mwaka 2008 inakitaja Kidzongkha kuwa lugha ya taifa, na mwaka 1986 serikali iliunda tume ya kukikuza. Kibhojpuri, ambacho sensa ya India ya mwaka 2011 ilikihesabia watu zaidi ya milioni 50, kiliwekwa chini ya Kihindi katika sensa hiyo hiyo, wala hakimo katika orodha ya lugha 22 zinazotambuliwa na katiba ya India, ingawa Kimaithili kimo. Kwa maoni yangu hiyo si haki, lakini mwanafunzi anapaswa kupanga mambo yake kwa kuizingatia hali hiyo.

Kwa hiyo Kidzongkha kina kamusi na vitabu vya shule, lakini maandishi yake hufuata tahajia ya kale ya watawa: jina Druk (joka) huandikwa kwa herufi zinazosomeka 'brug. Jifunze kwanza kwa mdomo, ukitumia herufi za Kirumi, na hati ya Kitibeti uiahirishe mpaka masikio yatulie. Kibhojpuri huandikwa kwa Devanagari, hati ile ile ya Kihindi, na huko kinachoandikwa hukaribiana na kinachotamkwa, hivyo hati ijifunze mapema. Vitabu vya kufundishia ni haba; mwalimu wako atakuwa jirani, muuza chai, nyimbo za harusi, na ukibahatika kufika Mauritius, wazee ambao mababu zao walianza kupelekwa huko kama vibarua wa miwa tangu mwaka 1834. Mwambie jirani huyo mapema kwamba hutaki akujibu kwa Kihindi, kwa sababu atafanya hivyo kwa adabu kila anapoona wewe ni mgeni.