Maswali ya Wasomaji: Bunduki ya Marehemu Baba Ina Thamani Gani?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, pokea salamu zetu. Marehemu baba yetu alifanya kazi Uingereza katika miaka ya 1970, akarudi nyumbani na bunduki ndefu ya kushindilia baruti mdomoni, yenye kitako cha mbao na pete 3 za chuma zinazoshika mtutu. Sasa tunagawana urithi. Baba mdogo anashikilia kwamba ni silaha ya kale, ya enzi za Kabaka Muteesa I, na kwamba bei yake inaweza kununua kiwanja. Kaka yangu anasema ni mwigo wa dukani, hauna thamani yoyote. Leseni ya baba haijashughulikiwa tangu alipofariki. Ninaambatanisha picha 3. Je, tuihesabu kwa kiasi gani? – Msomaji, Jinja.

JIBU: Poleni kwa msiba, ndugu msomaji. Picha zako zimenisaidia sana, hasa ile ya pili inayoonyesha mtutu kwa karibu, kwa kuwa maandishi yaliyopigwa juu ya chuma ndiyo yanayoamua ubishi wenu.

Umbo la bunduki hiyo ni la Enfield ya mwaka 1853, bunduki ya fataki (kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa, kikawasha baruti) ambayo jeshi la Uingereza liliitumia kabla ya kuanza kuzigeuza, katika miaka ya 1860, ziweze kupakiwa risasi kwa nyuma. Baba mdogo hakukosea yote, kwani Muteesa I alitawala Buganda kuanzia 1856 hadi 1884, na bunduki zilikuwa zimekwisha kuingia huko pamoja na wafanyabiashara wa Unguja tangu siku za baba yake, Suna II. Hata hivyo, juu ya mtutu wenu nasoma wazi jina la Parker-Hale na la mji wa Birmingham, na kampuni hiyo ilianza kuunda nakala za Enfield mnamo miaka ya 1970, kwa ajili ya wapenzi wa kulenga shabaha na waigizaji wa vita vya zamani. Pembeni kuna .577, yaani upana wa tundu la mtutu kwa inchi, ulioandikwa kwa nukta kama ilivyo desturi ya leo. Bunduki nyingi zilizoundwa Birmingham katika karne ya 19 kwa ajili ya biashara zilipigwa namba 24 au 25, idadi ya vidonge vya duara vya upana huo vinavyopatikana katika ratili moja ya madini ya risasi. Taji lililochorwa kwenye bamba la mtambo wa kufyatulia lisiwababaishe, kwa sababu waundaji wa nakala huliiga pamoja na miaka ya kale.

Kaka yako naye amekosea kusema haina thamani. Nakala za Enfield zimetengenezwa kwa wingi Italia, katika bonde la Val Trompia karibu na Brescia, na nyingi ni nzuri, lakini wakusanyaji huzipenda zaidi zile za Parker-Hale zilizoundwa Birmingham kwenyewe, kuliko zile za baadaye zilizobeba jina hilo zikiwa na sehemu kutoka Italia. Alama za ukaguzi, zinazopigwa mtutu ukishajaribiwa, ndizo zinazozitenganisha: ya Birmingham ni taji juu ya herufi BP, ya Italia ni nyota juu ya herufi PN. Yenu ina taji, na hilo peke yake linaiongezea bei.

Kinachobaki ni hali yake, na hapo sina budi kuwa mkali kidogo. Msiiguse kabla ya kuhakikisha kwamba haina baruti ndani, kwani bunduki ya kushindilia inaweza kukaa na mzigo miaka mingi bila mtu kujua. Fundi wa silaha huingiza mdeki, yaani ile fimbo ya kushindilia, mpaka uishie, huweka alama pale mdomoni, kisha huuchomoa na kuulaza juu ya mtutu, alama ikiwa sawa na mdomo. Ncha yake isipofika karibu na kidomo kinachovalishwa fataki, ndani mna kitu. Baada ya hapo hupitisha kitambaa chenye mafuta. Kikitoka na weusi tu, mtutu unasafishika. Kikitoka na unga mwekundu na kukwamakwama njiani, kutu imekwisha kula mifereji ya ndani inayoizungusha risasi, na bei inaweza kushuka hadi nusu. Masalia ya baruti nyeusi huvuta unyevu, na unyevu hapo kando ya ziwa haukosekani. Tafadhali msiisugue kwa msasa wala msiipake vanishi ili ing'ae. Mnunuzi anayejua huona mara moja, na hulipa pungufu.

Ama kiasi chenyewe, Enfield mpya ya Italia huuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 1,000, na iliyotumika hushuka chini ya hapo. Yenu ikiwa safi itakaribia kiwango hicho. Linganisheni na bei zilizolipwa kweli mnadani, si zile zinazotajwa na wenye kuuza. Lakini hizo ni bei za ng'ambo. Hapa Uganda, chini ya Sheria ya Silaha ya mwaka 1970, mwenye kuinunua lazima awe na kibali, na mwenye mamlaka ya kukitoa ni Inspekta Jenerali wa Polisi, hivyo wanunuzi ni wachache na bei ni ndogo. Msidhani kwamba umbo la kizamani linaiondoa katika sheria hiyo; tena nakala ya miaka ya 1970 haiwezi hata kujitetea kwa umri.

Kwa hiyo, kabla ya kikao cha urithi, chukueni leseni ya marehemu na cheti cha kifo mwende kituo cha polisi kutoa taarifa, muwaombe waje kuichukua na kuikagua, mpate stakabadhi. Kwenye orodha ya mali iandikeni kwa namba yake, na mahali pa thamani mwandike kiasi ambacho mtu mwenye kibali yuko tayari kuwalipa. Mkipata risiti ya baba ya dukani au sanduku lake la asili, vitunzeni pamoja, kwani mkusanyaji huongeza bei kwa ajili ya karatasi hizo.