Uliza Mama Karani: Eti kuna mji unaokataza kufa?

*Mama, jambo. Kwenye matanga ya mjomba wangu vijana walikesha wakibishana. Mmoja alisema Ulaya kuna mji ambao sheria inakataza watu kufa. Mwingine akaapa kwamba Ufaransa mtu anaweza kufunga ndoa na marehemu. Ni kweli, ao ni maneno ya usiku?*
*Msomaji wa Majengo, Goma*

Mwanangu, pole kwanza. Miaka yote niliyoandikisha vifo pale komine, sikuona karatasi ya kumzuia mtu kufa.

Mji wenyewe ni Longyearbyen, visiwa vya Svalbard, Norwei. Kufa hakukatazwi, kinachokataliwa ni jeneza. Tangu 1950 hawaziki maiti pale, maana udongo umeganda mwaka mzima: mwili hauozi, na baridi husukuma sanduku juu kidogokidogo. Mwaka 1998 wataalamu walifukua makaburi ya vijana waliokufa kwa homa kuu ya mafua ya 1918, wakitafuta virusi vyake. Majivu yanaruhusiwa, kwa kibali. Tusiwacheke. Hapa kwetu penye lava, mchimba kaburi anashika baramini, yaani mtaimbo, si jembe, na familia inaongeza pesa kabla shimo halijamfika kifuani.

Waliokataza kifo kwa maandishi ni mameya wenye hasira. Nimpendaye ni wa Sarpourenx, kijiji cha kusini-magharibi mwa Ufaransa. Mwaka 2008, mahakama ilipomkatalia kupanua makaburi, alitoa amri: asiye na nafasi makaburini, na anataka kuzikwa humo, asife kijijini, wakosaji wataadhibiwa vikali. Adhabu gani, hakuandika! Mimi naisoma kama barua ya malalamiko yenye muhuri. Mwenzake wa Falciano del Massico, Italia, alitoa ya namna hiyo 2012. Wazee wawili wakakaidi.

Ndoa na marehemu, hiyo ni sheria kamili ya Ufaransa. Ilitungwa baada ya bwawa la Malpasset kupasuka Desemba 1959 na kuua watu zaidi ya 400. Mwanamke mmoja mjamzito, mchumba wake amekufa, akaomba ndoa yao ifungwe vilevile. Siku hizi rais wa nchi ndiye anayeruhusu, kukiwa na sababu nzito na ushahidi kwamba marehemu alikuwa amekubali. Maiti haiketishwi mbele ya meya, usiogope. Ndoa inahesabiwa tangu siku moja kabla ya kifo. Na wale vijana wanaowazia viwanja uwaambie: ndoa hiyo peke yake haimpi aliyebaki haki ya kurithi.