Jibu: Seattle, Denver au San Francisco kwa mpenda mandhari?

Habari ndugu. Umeuliza kati ya majiji hayo matatu ya Marekani lipi lina mandhari nzuri zaidi, maana kazini wamekupa uchague na picha za mtandaoni zimekuchanganya. Nimeishi Seattle miaka sita, Denver nilikaa miezi michache kikazi, San Francisco nimetembea tu.

Kwanza angalia utaona nini ukitoka mlangoni siku ya kazi. Hapo ndipo Denver huwashangaza wengi: jiji limekaa kwenye tambarare, na Milima ya Rocky iko magharibi, mpaka uiendee kwa gari.

Seattle maji yamo humohumo jijini. Magharibi kuna Puget Sound, mkono wa bahari, mashariki Ziwa Washington, na mbingu zikiwa safi unauona Mlima Rainier, mita 4,392, umevaa theluji hata Julai. Panda feri ya kisiwa cha Bainbridge jioni, kama dakika 35, usimame nyuma ulitazame jiji likibaki mbali. Moyo hutulia kabisa. Lakini kuanzia Oktoba mawingu hushuka, na mlima unaweza usiuone wiki nzima. Kama mchana wa giza unakuelemea, nenda kupaangalia Novemba, si Agosti.

San Francisco ina bahari, vilima, na miti mirefu ya Muir Woods ng'ambo ya daraja la Golden Gate. Ukungu wake huja kiangazi, kwa hiyo nenda Septemba. Kodi ya nyumba ulizia mapema, ni kali.

Mimi ningechukua Seattle. Je, utakuwa na gari? Kama huna, Denver iondoe kwanza.