Bunduki ya shemeji huko Boston: lazima ifungiwe?

Dada wa Wete, umeuliza kama shemeji yako wa Boston analazimika kisheria kufungia bunduki yake, maana watoto wanakwenda kwake likizo. Ndiyo, analazimika.

Marekani hakuna sheria moja ya nchi nzima inayomlazimisha mwenye silaha. Ile ya shirikisho ya 2005 inamtaka muuzaji tu atoe kufuli anapouza bastola. Mnunuzi akiitia kwenye droo, shauri yake. Yaliyobaki ni ya majimbo. Massachusetts, iliko Boston, ni kali: silaha isiyo mikononi mwa mwenyewe iwe ndani ya sanduku lililofungwa, au iwe na kufuli ya kuizuia isifyatuke. Florida nayo tangu 1989 inamtia hatiani mtu mzima anayeacha bunduki yenye risasi mahali mtoto anapofikia, kisha mtoto akaichukua akaonekana nayo hadharani au akaichezea ovyo.

Ila muulize shemeji ufunguo anauweka wapi, usione haya. Sisi Chake bibi alikuwa akifungia halua kabatini, ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga. Akipitiwa na usingizi wa mchana tu, tushafungua. Bora kufuli ya namba, na risasi zikae mbali.