Kaka kafungwa miaka 30, tunaombaje apunguziwe?

SWALI: Habari wakili, kaka yangu alikuwa bodaboda hapa Morogoro, mwezi uliopita mahakama ya wilaya imempiga miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Wanasema usiku walimtishia mtu panga wakampora pikipiki, na huyo mtu anadai alimtambua kwa taa ya pikipiki. Ndugu wanataka tumwandikie jaji barua ya huruma, ana watoto wawili na ni kosa la kwanza, hata ikishuka kumi tutashukuru. Au tumeshachelewa?
Dada mtu, Morogoro

JIBU: Pole sana dada. Barua ya huruma haitasaidia, nakwambia mapema. Kwa Tanzania kosa hilo linaanzia miaka 30, hakimu akishamtia mtu hatiani hana pa kushuka na jaji naye hana, hata watoto wangekuwa kumi. Kwahiyo mkate rufaa kupinga kule kutiwa hatiani kwenyewe, au mwonyeshe kwamba silaha haikuthibitishwa, Mahakama Kuu ikibadili kosa likawa dogo ndo miaka inapungua.

Na mimi ningeng'ang'ania hiyo taa. Toka kesi ya mtu aitwaye Waziri Amani ya 1980 Mahakama ya Rufani inataka utambuzi wa usiku usiache shaka: umbali gani, mwanga mkali kiasi gani, alimwona kwa muda gani, alikuwa anamjua kabla? Sasa taa ya pikipiki ilikuwa inammulika nani? Kama ilimpiga mlalamikaji usoni, aliyesimama nyuma ya taa alimwonaje? Halafu angalieni kama alipofika polisi mara ya kwanza alimtaja au alieleza sura na mavazi, maana wengi humkumbuka mtu akishakamatwa. Ila kama pikipiki ilikutwa kwake siku mbili tatu baadae, taa peke yake haitamwokoa, hapo lazima awe na maelezo ya kueleweka aliipataje.

Kuhusu muda, notisi ya rufaa, yaani taarifa kwamba anakusudia kukata rufaa, ni ndani ya siku 10 toka hukumu, na anaweza kuwa keshaitoa hukohuko gerezani, wengi hufanya hivyo bila ndugu kujua, muulizeni kwanza. Petisheni yenye sababu za rufaa ni siku 45, siku za kusubiri nakala za hukumu na mwenendo wa kesi hazihesabiwi, naye anaipitisha kwa mkuu wa gereza. Kama notisi haikutolewa, aombe Mahakama Kuu imwongezee muda akieleza kilichomchelewesha. Na yeyote anayewaomba hela "akaongee na jaji", huyo ni tapeli.