Re: Seva ya ofisini ama klaudi? Wachana na RAM kwanza, akaunti ni ya nani?

Buda simama hapo hapo. Umeandika mambo mengi, RAM ngapi (kumbukumbu ya mashine), ununue seva uweke Proxmox, ile programu ya kugawa seva moja iwe mashine kadhaa, ama uhamie AWS, klaudi ya Amazon, yaani kompyuta za kukodi kwa intaneti, ile ya Cape Town, alafu katikati umepachika sentensi moja kama kitu kidogo, eti msee wenu wa IT atafungua akaunti na imeili yake na kadi yake, nyinyi mtakuwa mnamrudishia na M-Pesa kila mwisho wa mwezi. Wenzangu hapa juu wanakujibu RAM. Hakuna hata mmoja ameona hiyo sentensi?

Sisi tunauza spea Kirinyaga Road. Stoo, invoisi, madeni ya wateja, yote yalikuwa kwa kompyuta moja chini ya kaunta, stima zikipotea nasi tunapotea. Akaja kijana mpole, leptopu imejaa stika, akatuambia klaudi haipotezi kitu. Na hakudanganya! Data yetu ilikuwa salama kabisa, ni sisi tu ndio tulifungiwa nje. Alifungua na Gmail yake, akaweka kadi yake, namba za siri za kuingilia zinatumwa kwa simu yake. Sisi tukapewa ikoni moja kwa skrini, ukibonyeza Windows inafunguka, tukapiga makofi kama watu wa harusi. Msinicheke, mimi ni yule mtu husoma mkataba wa kupanga nyumba mpaka mstari wa mwisho.

Sasa bili ni ya dola. Mwezi wa kwanza 2024 dola ilikuwa imefika karibu 160, akatutoza hiyo, sawa. Shilingi ikapata nguvu ikarudi kwa 130 hivi na yeye bado anatutoza 160, nikimuuliza ananiambia kuna "chaji za klaudi". Chaji za klaudi! Nikasema silipi mpaka nione bili yenyewe kwa macho, na bili ilikuwa inatumwa kwa imeili ya nani? Yake. Akanuna, akatoa kadi yake kwa akaunti, akazima simu.

Jumatatu asubuhi kaunta imejaa mafundi, ikoni inazunguka tu. Tukajaribu kubadilisha paswedi, ikatuambia namba imetumwa kwa simu fulani, imefichwa nyota nyota, mwisho 47. Ofisi nzima tukatoa simu tukaanza kuangaliana, hakuna mwenye 47. Nikawaandikia watu wa klaudi, nikatuma cheti cha kampuni, PIN ya KRA, barua yenye mhuri mkubwa, wakanijibu kwa heshima zote kwamba wataongea na mwenye akaunti peke yake. Nilikasirika lakini wako sawa, kama wangefungulia kila mtu mwenye barua na mhuri, River Road nzima, na mihuri yao feki, ingekuwa ndani ya akaunti za watu.

Tukarudi kwa kitabu cha risiti na kalamu. Kuandika si shida, shida ni madeni, juu wateja wote wenye deni walisahau kwa pamoja, wengine wakaanza kutuuliza eti sisi ndio tuna chenji yao. Mwishowe tulimpata kijana kupitia kwa shangazi yake, tukalipa kila alichodai na "ya usumbufu" juu, akafungua, tukahamisha kila kitu jioni hiyo hiyo kabla roho yake haijabadilika. Mpaka leo akinipita mjini ananiita bosi. Bosi wa nini?

So sikiliza. Akaunti kuu ifunguliwe kwa jina la kampuni, imeili ya kampuni, kadi ya kampuni, na laini ya simu ya kampuni inayokaa kwa droo yenye kufuli. Na hiyo imeili iwe kwa domeni (lile jina la baada ya @) ambayo imesajiliwa kwa jina lenu, juu ukienda kuangalia .co.ke yenu ukute ni yeye amejiandikisha, bado amekushika shingo, anaweza kuhamisha imeili na kila mlango unaofunguliwa na hiyo imeili. Msee wa IT mtengenezee yuza wake, yaani jina na paswedi yake ya kuingilia, ndani ya akaunti, mpe ruhusa za kazi yake, siku mkikosana unamfuta umalize chai. Akaunti ya AWS ikifungwa una siku 90 za kuomba ifunguliwe, zikiisha data inafutwa, na wa kuomba ni mwenye akaunti. Na hiyo M-Pesa yako ya kumrudishia bila invoisi ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki, tangu 2024 KRA haikubali kama gharama ya biashara, so hata kodi unaumia.

Usiniambie "ni binamu". Wa kwetu alikuwa anakula lanchi na sisi.

Na kama utanunua seva, Proxmox ni ya bure kupakua, hakuna kadi ya kugombania, lakini paswedi ya root, ile yuza kuu yenye ruhusa zote kwa seva, itakuwa kwa kichwa cha nani? Ya RAM hao wengine watakusaidia. Wewe leo, kabla hujamtumia shilingi, mpigie umwambie afungue na imeili ya kampuni. Akianza kuelezea vile "hiyo ni process ndefu", rudi hapa utuambie, juu ni fomu ya dakika chache na mimi nimeijaza nikiwa na hasira.